Mguu wa Bulawan

Silay, Jumatatu

Mpendwa Manang Jovelyn, dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Kwanza nakujulia hali, wewe na hao unaokaa nao huko Manila, na naomba barua hii ikukute mzima, umeshiba na huna mafua. Sisi huku hatujambo. Nanay, kama mama yeyote wa umri wake, magoti yanamsumbua, ila mdomo haumsumbui hata kidogo. Tatay yuko vilevile, baba ni yule yule. Mimi nimenenepa, na usicheke. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ukiona ni ya nyumbani unaiacha ilie mpaka ichoke. Barua utaisoma, nakujua, hata kama utaisoma umenuna.

Habari kubwa kuliko zote ni kwamba Uwanja wa Tai sehemu ya pili umetoka. Ule wa kwanza tuliugombania mimi na wewe mpaka pedi ya gemu ikapasuka, kwa hiyo huu siwezi kuusifia kwa mtu mwingine kabla yako. Nong Edgar, yule mwenye duka la gemu nyuma ya soko, aliununua siku ile ile, na tangu hapo kidole gumba changu kimeota sugu.

Basi sikiliza maoni ya mtaalamu. Zamani wapiganaji walikuwa wanaelea tu kama mfuko wa plastiki kwenye upepo. Sasa mtu akikanyaga, unasikia kakanyaga. Kukinga nako si kule kwa kung'ang'ania kitufe huku unasinzia: ukikinga sana mikono inachoka, kinga inavunjika, unakula kichapo. Waoga wote wa mtaa huu, na majina yao unayajua, wamelia wiki nzima. Lawama ninazo pia. Lile jitu la barafu nililokuwa nalitegemea wamelipunguza nguvu mpaka linatia huruma, na muziki wa pale bandarini wameuharibu, sijui waliona nini.

Lakini Bulawan, Manang! Msichana wa visiwa hivi hivi vyetu, na fimbo yake ya henzirani. Zamani alichaguliwa na sisi tu, kwa uzalendo, tukapigwa pamoja naye. Sasa Wakorea wanamchagua, Wabrazili wanamchagua, watu wasiojua Silay iko upande gani wa dunia wanashinda kwa fimbo yetu. Huku tunatembea mabega juu kana kwamba tumemzaa sisi.

Unakumbuka Tatay alivyomwona Bulawan wa kwanza. Alisimama mlangoni, akasema huyo si mpiganaji, ni mama anayefukuza kuku, maana mkono wake wa kushoto umekufa. Kwa mwalimu wa fimbo kama Tatay, fimbo ni nusu ya kazi. Mkono mtupu ndio unaodaka na kusukuma, na usipokuwa hai, bora ukae nyumbani ule wali.

Namtaja Tatay nikijua jina lake linakuchoma. Sijasahau. Alinichagua mimi nirithi pigo la mlango, pigo la mwisho la babu, kwa sababu tu mimi ni mwanamume, na wewe ulikuwa unanishinda hata ukiwa na homa. Ulimwambia ukweli wake mbele ya wanafunzi, ukaondoka na begi moja. Siku ile ile aliishusha fimbo yako ukutani, na kwetu fimbo ikishuka ukutani, mwenyewe si mwanafunzi tena. Msumari wako umekaa mtupu miaka sita. Mimi nikipita pale nainamisha kichwa, na hakuna ushindi ninaoutaka zaidi kuliko kuiona fimbo yako imerudi na wewe mwenyewe umeifuata.

Sasa Jumapili, baada ya misa, wanafunzi wa Tatay waliobaki, nao si wengi, badala ya kuja mazoezini walikimbilia kwa Nong Edgar. Tatay akawafuata na shati lake la kanisani na viatu vinang'aa, kafura. Aliyeshika pedi ni mimi. Nikajua leo nimekwisha.

Kabla hajafungua mdomo, Bulawan akainua mkono wa kushoto. Ukakaa kifuani, vidole wazi, ukimfuata adui kila anakokwenda. Tatay akaniambia niendelee. Basi nikaendelea, nikamaliza safari yote ya Bulawan, na ukiimaliza unafunguliwa pigo lake la siri. Nikalibonyeza. Bulawan akarudi nyuma kama anakimbia, akamdaka adui kwenye kifundo cha mkono, fimbo ikapanda kutoka chini. Lilikuwa pigo la mlango. Pigo letu, linalojulikana na watu wawili duniani, Tatay na mimi, na mimi nalijua vibaya.

“Umemwonyesha nani?” Tatay aliniuliza.

Niliapa kwa Santo Niño, Mtoto Yesu mwenyewe, kwamba sijamwonyesha mtu. Nong Edgar alizima feni ili asikose hata neno. Tatay akataka nilirudie, nikalirudia, akapiga magoti mbele ya runinga na suruali yake ya kanisani, akaweka kidole mguuni pa Bulawan. Akasema mguu wa kulia umekosewa. Babu alifundisha uende nje, na huyu anauingiza ndani, nyuma ya kisigino cha kushoto.

“Huyu mikono ameiona,” alisema. “Miguu hakuiona.”

Akatoka, tukamfuata kama watu waendao mazikoni. Kufika nyumbani akasimama pale uani aliponifundishia pigo lile kabla hujaondoka, akatazama dirisha la jikoni. Kisha akaingia jikoni, akakikalia kile kigoda chako cha kuchambulia mchele, akaniamuru nilitoe pigo huku yeye akichungulia. Katikati lilikuwa lile pipa la maji ya mvua. Baadaye nilikaa mimi kwenye kigoda nikahakikisha: kuanzia kiunoni kwenda juu unaona kila kitu, chini huoni kitu. Nanay alikuwa anakaanga samaki, wala hakugeuka. Akasema tu kwamba mwaka ule niliofundishwa, mchele wa nyumba hii ulichambuliwa vizuri sana.

Basi Manang, usihangaike tena kumwandikia Nanay kwamba unafanya kazi ofisini. Wewe ndiye waliyekuvika huko kwa watengenezaji wa gemu yale mavazi ya kubana yenye nukta, wakakunasa kwa kamera unavyopigana, ili Bulawan apate mwili. Tumejua sote. Hata Bulawan akishinda anasugua kiwiko cha kushoto, kile kile ulichovunja uani ukiwa mdogo, na mimi siku zote hizi nakutazama unasugua kiwiko nisikutambue. Boga kabisa mimi.

Nilidhani Tatay atalipuka, maana siri ya babu sasa iko sebuleni kwa kila mtu. Badala yake alivua viatu, akachukua fimbo, akajaribu pigo kwa mguu ulivyouweka wewe. Mara ya kwanza aliyumba nikaogopa ataanguka. Mara ya pili fimbo ilivuma mpaka kuku wakatawanyika. Alilirudia na kulirudia, shati la kanisani likalowa chapa, Nanay akimgombeza kwa ajili ya shati. Mwisho akakaa chini pale pale, akasema, na ninaandika kama alivyosema: “Maisha yangu yote nimelipiga nusu.”

Umesikia? Mguu hukuuona, ukajitungia wako, na huo wako umeushinda wa babu. Sijawahi kujivunia mtu namna hii. Nilitaka kutoka barabarani niwashike watu mashati niwaambie Bulawan ni dada yangu, na nikwambie kweli, nilitoka, nikawashika.

Niliporudi niliingia ndani nikaishusha fimbo yangu kutoka kwenye nafasi ya mrithi. Hakuna aliyenituma. Yako ilikuwa chini ya kitanda cha Tatay, imepakwa mafuta, haina hata vumbi, sasa jiulize ni nani aliyekuwa akiipaka miaka yote hii. Nikaitundika pale pa mrithi. Tatay akaitazama, akasema imekaa upande, akainuka akainyoosha mwenyewe. Yangu iko kwenye ule msumari wako wa zamani, na kusema kweli imepata mahali pa saizi yake.

Sasa nifunge, karatasi inaisha. Nanay anakusalimu sana, anasema piaya, mikate ile ya sukari guru, atakutengenezea akikuona mlangoni, si kabla. Wanafunzi wanakusalimu na wanabishana nani atakuwa wa kwanza kupigwa na wewe. Nong Edgar anasema siku ukija kwake unacheza bure. Tatay nilimwuliza kama ana neno la kukuambia. Akasema, “Mwambie pipa nimeliondoa.”

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Reynan