Nani Aliishi Humu Kabla Yetu

Jumatatu, Septemba 9, 2019

Tumeanza historia ya mwaka huu, hapa nyumbani. Kitabu ni kilekile cha watoto wadogo: hadithi fupi, kisha picha ya kupaka rangi. Junie, miaka saba, amefurahi. Ansel ana kumi na mbili. Ameipaka manowari rangi ya waridi, makusudi. Maren alishika kalamu tu.

Nikamuuliza vipi. Akasema, "Mama, nina miaka kumi na minne. Wenzangu wa mjini wanaandika insha. Mimi napaka rangi."

Baadaye, tukiosha vyombo, akaniambia kwa upole kwamba angependa kuingia shule ya mjini Januari. Heri angenifokea. Mume wangu Boyd anasema tutaamua Sikukuu ya Shukrani ya Novemba ikishapita.

Nimemfundisha kusoma kwenye meza hii hii. Basi.

Alhamisi, Septemba 12

Nimempigia Phyllis wa kikundi chetu cha wanaosomesha nyumbani. Kalea watoto sita, hababaiki. Nilitaka anitajie kitabu kingine. Hataki kusikia. Kitabu kiwe shina, anasema, kila mtoto umpe tawi lake. Wote wasikilize sura moja. Junie apake rangi. Ansel achore ramani bila kuchungulia. Maren asome vitabu vya watu wazima, halafu alete swali moja ambalo mimi mwenyewe silijui jibu lake.

Hilo la mwisho nimelipigia mstari.

Alhamisi, Septemba 26

Sura ya vita vya pili vya dunia. Kwa watoto wadogo imeandikwa hivi: vita vikaisha, watu wakarudi makwao. Nikafunga kitabu. Maren akafungua chake, cha maktaba.

Akatusomea. Serikali iliwatoa Wamarekani wenye asili ya Kijapani huko pwani, familia nzima nzima, ikawaleta kwenye kambi hapa Idaho. Si mbali. Boyd hupita pale akipeleka viazi sukari kwenye kiwanda cha sukari. Kulikuwa na picha, mabanda marefu na vumbi. Ansel akataka kujua walikuwa wamefanya kosa gani. Maren akamjibu, hakuna. Ansel akarudia swali, kana kwamba hakusikia.

Kisha Maren akasema, "Mama, angalia madirisha."

Akatoka nje. Nikamfuata. Tulisimama upande wa kaskazini tukiitazama nyumba yetu wenyewe: madirisha yaleyale ya pichani.

Boyd alipokuja kula nikamuuliza. Alikuwa ananawa, hata hakugeuka. "Ndiyo, ni nusu banda la kambini. Vita vilipoisha serikali iliwagawia wanajeshi mashamba na nusu banda kila mmoja. Babu mzaa mama alilivuta hadi hapa. Si unajua?"

Nilijua lilikuwa "banda la jeshi". Mimi nimeolewa huku, nilikotoka ni Nebraska. Nimepika humu miaka yote hii.

Maren kaniletea swali lake: Nani aliishi humu kabla yetu?

Kweli silijui jibu.

Jumapili, Septemba 29

Verla, mama mkwe, alikuja kula baada ya kanisa, kama kawaida. Nyumba hii ndiyo iliyomlea. Nilimwomba Maren asubiri na swali lake. Alisubiri mpaka nyama ikakatwa.

"Bibi, ulipohamia humu ulikuwa unajua ni akina nani waliokuwa wameishi humu?"

Verla akaweka uma chini. "Baba yangu alipigana Ulaya akarudi na mguu mbovu. Hakumwibia mtu."

"Sijasema aliiba, Bibi. Nimeuliza nani aliishi."

"Ni lilelile tu, umelivika nguo."

Akachukua mkoba wake. Boyd akamfuata hadi kwenye gari, akarudi peke yake. Tufaha alizozioka zilibaki mezani, hata Ansel hakuomba. Maren alienda kulia bafuni, akafungulia maji ili tusisikie. Tulisikia.

Ijumaa, Oktoba 4

Maren kaandika kurasa nne kuhusu kambi! Sikumwagiza. Amekiandikia pia barua chama cha watu waliowahi kuishi kambini, na amejibiwa. Bi Fumiko Hamasaki, anaishi Boise, aliletwa kambini akiwa na miaka mitano. Atakuja tarehe 19, bintiye atamleta kwa gari. Hajui kama alikaa banda hili au jingine. Amesema mabanda yote yalikuwa yanafanana.

Shule ya mjini haijatajwa wiki nzima. Nami siitaji.

Jumapili, Oktoba 13

Jumapili ya pili bila mama mkwe. Nikaenda kwake. Alikuwa anamenya tufaha za kuweka kwenye chupa. Nikachukua kisu, tukamenya pamoja.

Mwishowe akasema, "Nilikuwa na miaka minane. Nilikuta maua ukutani, yamechorwa kwa penseli, chini kabisa, kimo cha mtoto. Nikawa nayaaga kabla ya kulala. Mama akayapaka rangi juu. Nililia siku nzima. Nilidhani kamfukuza yule mtoto."

"Uliwaambia wazazi?"

"Ningewaambia nini? Tulikuwa tumepata nyumba. Watu walitupongeza."

Nikamwambia kuhusu mgeni, tarehe na saa. Akaendelea kumenya. Nilipokuwa natoka akasema Maren amerithi kichwa kigumu cha baba yake, yaani baba yake yeye Verla. Alisema kama anayemsifu.

Jumamosi, Oktoba 19

Naandika jikoni, wako sebuleni.

Bi Hamasaki ni mdogo kuliko nilivyofikiri, koti la kijani, viatu imara. Alisimama kwanza nje, mkono juu ya mbao za ukuta, bintiye nyuma yake. Hatukumharakisha. Junie akamshika mkono mwingine bila kuulizwa, wakaingia hivyo.

Maren alikuwa na maswali yake tayari. Hakuuliza hata moja. Alimvutia kiti tu. Moyo wangu!

Ndipo gari la Verla likaingia uani. Hakupiga hodi, hajawahi kupiga hodi hapa. Safari hii alisimama mlangoni na sahani ya mikate mikononi, kama mgeni.

Bi Hamasaki akamtazama. "Wewe ndiye uliyekuja baada yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Kitanda chako kilikuwa wapi?"

Verla akaonyesha kona ya dirishani. "Pale. Upepo ulikuwa unapenya kwenye nyufa. Tulisokomeza magazeti."

"Sisi matambara," Bi Hamasaki akasema. "Asubuhi unaamka vumbi limekuchora kwenye mto wa kulalia."

"Palipolaliwa na kichwa tu ndipo panabaki peupe."

"Pale tu."

Ansel akaondoa chombo cha maua mezani ili waonane. Nikaja huku kutengeneza kahawa. Imeshakuwa tayari na sijaipeleka. Wamehamia ile kona, nasikia kiti kikiburutwa, kisha cha pili. Wanaongea chini kwa chini, sipati neno.

Junie kaja kuniuliza, "Mama, wanalia au wanacheka?"

Nimemwambia sijui. Maren ananiita, anasema nije, nije sasa hivi, na nije na kahawa. Naenda.