Kompyuta Uliyomvulia Mgeni

Mpendwa kaka Nassor,

Dua nakuombea kila nikimaliza kusali, kwa hiyo hapa sizirudii. Hapa nimekuja kugombana na wewe. Naiandika barua hii wazi ili waisome wenzako wote wanaopeleka wageni chini ya maji, na tajiri wetu, mwenye kituo cha kuzamia, naye aisome akitaka.

Unaikumbuka Ijumaa ile tulipokaa barazani kwetu Wete, simu yako katikati yetu, tukichagua kompyuta ya kuzamia? Miaka yote uliyokuwa ukiongoza wageni, kila mgeni alikuwa na ya kwake mkononi. Inamwambia yuko kina gani, gesi kiasi gani imeshaingia mwilini, dakika ngapi zimebaki kabla hajatakiwa kupanda. Wewe ulikuwa na saa ya kawaida na kichwa chako. Nilikuandama mpaka ukakubali kununua.

Ukaitaka ile yenye rangi kama simu, inayosoma mpaka hewa ya mtungi. Mimi nilikuwa bado nafundisha fizikia, nikajifanya mjuzi.

"Hiyo ikiharibika, Pemba nzima hakuna wa kuitengeneza," nilikwambia. "Chukua yenye tarakimu kubwa, unayobadilisha betri mwenyewe, na mlio wake usikike. Mengine mapambo."

Mama akatoka ndani, akaitazama picha yake kwenye simu. "Na saa hiyo inajua wakati wa sala?"

"Haijui, mama."

"Basi mie siioni kazi yake."

Tulicheka. Na ulichukua niliyokuchagulia. Ilipofika nilikusomea kijitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na pale pa muhimu nikakusomea mara tatu: kompyuta ni ya mtu mmoja. Inaukumbuka mwili wa aliyeivaa asubuhi. Ukimpa mwingine mchana, yeye inampa hesabu isiyokuwa yake, na wewe inakuacha kipofu. Ukaikariri mbele yangu kama mwanafunzi mwema. Uliielewa, kaka. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: uliielewa.

Yaliyotokea siku uliyoumia nimeyapata kwa Hamad, mwongozaji mwenzako. Mlikuwa mmeshazamia mara moja, mnajitayarisha kwa ya pili, pale penye ukuta mrefu wa matumbawe. Kompyuta ya mgeni mmoja ikazima. Tajiri alikuwa botini. Akasema mgeni hakuja kutoka kwao kukaa juu ya boti, fanyeni maarifa. Wewe ukaivua yako ukamfunga mkononi.

"Na wee je?" Hamad alikuuliza.

"Mie yangu imo kichwani."

Mlipopanda kutoka mbizi hiyo, nanga ikawa imenasa. Ukashuka tena peke yako kuinasua, ukapanda mbio kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri chakula, na gesi haikupata muda wa kukutoka mwilini. Ulipofika nyumbani bega lilikuwa linakuuma. Ukamwambia mama umelala vibaya. Mimi hukuniambia kitu, maana ulijua ningekuuliza kompyuta iko wapi.

Asubuhi miguu haikunyanyuka. Zilikuwa siku za kampeni, magari yote ya majirani yamekwenda mkutanoni na bendera zao, na mimi nilikuwa nakimbia nyumba kwa nyumba nikiomba gari la kutufikisha uwanja wa ndege Chake. Chumba cha kuwatibu wazamiaji kilikuwa Unguja. Daktari wa kule aliniuliza, "Alianza kuumwa lini?" Nikamwambia tangu jana mchana. Akaweka kalamu chini. "Mmechelewa," akasema.

Ulilala mwaka na miezi. Mama na mimi tulikugeuza, tulikuosha, tulikufunga vidonda vya mgongoni ambavyo havikutaka kupona, mpaka homa ya vidonda hivyo ikakuchukua. Wewe uliyenifundisha kuogelea pwani ya Wesha, mkono wako chini ya tumbo langu, ukiniambia, "Nimekushika, usiogope," ukawa huwezi kujigeuza ubavu.

Siku ya maziko tajiri alileta mchele na akasema ulikuwa mtu mkarimu. Watu wakaitikia. Nilitaka kumrudishia mchele wake. Ukarimu gani huo? Mgeni ungemwambia hapana, angenuna nusu saa, kisha angekula samaki wake akasahau. Sisi hatukupewa cha kusahau. Kompyuta yenyewe mgeni yule aliiacha mapokezi ndani ya mfuko wa plastiki, na barua ya kushukuru. Niliifungua nikatazama kumbukumbu zake. Mbizi ya mgeni imo, kina na dakika zake. Ile ya nanga, ya mwisho maishani mwako, haikuandikwa popote.

Nikaacha chaki, nikajifunza kuzamia, nikaingia kazini hapohapo kituoni kwenu. Watu walisema nimerukwa na akili. Nilitaka kujua kuna nini huko chini hata ukatusahau sisi wa juu. Nimefika huko, kaka, kuna uzuri wake. Hasira haikupungua.

Mwezi uliopita tajiri aliniita. Kituo kinanunua kompyuta mpya, na mimi niliyesoma nichague. Nikamwandikia ileile aina yetu: tarakimu kubwa, betri ya kubadilisha wenyewe, mlio wa kusikika. Idadi nikaweka sita, nne za wageni, mbili za mimi na Hamad. Akachukua kalamu akazikata zile mbili. Tulikuwa ufukweni, wageni wameshapanda boti.

"Waongozaji wanayajua maji," alisema.

"Nassor naye aliyajua."

"Nassor hakulalamika hata siku moja."

"Ndiyo maana tumemzika," nikamjibu.

Nikavua mapezi yangu nikakaa mchangani. Nilijua naweza kurudi nyumbani sina kazi. Hamad alinitazama, akamtazama tajiri, kisha naye akakaa. Wageni wakaanza kuulizana kuna nini. Tajiri alizunguka zunguka pale, kisha akatoa simu akampigia muuzaji mbele yetu. Akasema sita. Na zimefika sita, yangu na ya Hamad tumezitia majina kwa rangi, na hakuna anayezivua mikononi mwetu.

Lakini usidhani nimekuja kukwambia kwamba ulikufa kwa faida. Neno "hapana" lilikuwa lako kulisema, ungeweza kulisema umesimama kwa miguu yako miwili, na leo ungekuwa unakunywa chai na mama. Juzi mama aliniomba nikusamehe kabla ya Ramadhani kuingia. Nimemwambia bado.

Lala salama,
Mdogo wako