Ukurasa wa Kumi na Moja

Kagongwa, Alhamisi

Kaka Nkwabi,

Shikamoo. Sijawahi kumwambia mtu, hata mama, kwamba kitabu cha maelekezo ya ile programu uliyoiweka kwenye kompyuta ya mashine ya mpunga ya Mzee Mwigulu nilikiandika mimi. Likizo nzima ya Juni nilikaa kando ya Dada Euphrasia, karani wa ghala, nikiandika kila anachobonyeza. Ulipoweka jina lako juu yake nilinyamaza, kwa sababu ulinisifu.

Huku sisi ni wazima. Mama ameanika michembe ya viazi vitamu.

Jumatatu umeme ulikatika, na orodha ya wakulima na magunia yao ikapotea kwenye kompyuta. Dada Euphrasia alifungua kitabu kutafuta namna ya kuirudisha, akakuta ukurasa wa kumi unafuatwa na wa kumi na mbili. Wakulima walimzunguka wakimwita mwizi. Mzee Mwigulu alimpa mpaka Ijumaa airudishe orodha, la sivyo aache kazi.

Nilipokupigia simu huko Geita, ulicheka.

"Huo niliuchomoa mimi, Limi. Wakijua yote, mimi nitaitwa kufanya nini? Wewe soma vitabu vyako."

Kaka, nilikuwa nakuamini kuliko mtu yeyote.

Jana nilipotoka shule nilikwenda mashineni na daftari nililoandikia rasimu. Nilimsomea Dada Euphrasia hatua zote saba za ukurasa huo, naye akibonyeza. Majina yakarudi. Mzee Mwigulu akauliza ni nani aliyeutoa ule ukurasa. Nikamwambia.

Mdogo wako,
Limi