Mwavuli wa Bwana Shamba

Ilomba, Mbeya

Kamwene mama,

Naomba barua hii iwakute mmeshavuna na hakuna aliyelala kitandani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Mguu wa baba unaendeleaje? Nijibu hilo kabla ya yote, maana posa yangu inategemea hapo.

Najua hamtaki nioe mbali na kwetu Idodi. Baba alisema watu wa huku mila zao hatuzijui. Ni kweli, hata mimi nilikuwa sizijui, na nusura nimkoseshe mtu haki yake.

Kazi yangu bado ni ukarani kwa Bwana Shamba, yule mzungu mgeni. Siku hizi serikali inamlipa kila aliyelima kwa matuta, ili mvua isiondoke na udongo. Juzi tulipanda milimani kwa Wanyakyusa kulipa. Sharti ni kwamba mwenye shamba afike mezani mwenyewe, na jumbe wa kijiji ashuhudie palepale kuwa shamba ni lake. Asiyeshuhudiwa hapati kitu.

Nikamwita Tumpe, mama mmoja ambaye matuta yake yaliyapita ya wote. Akaja anacheka, mtoto mgongoni. Kumwona jumbe tu, akajifunika kanga usoni, akageuka, akazama migombani. Mimi nikadhani ameona nyoka. Bwana Shamba akadhani ni mwongo.

"Shamba si lake huyu. Mfute."

"Ni lake!" akapiga kelele jumbe, lakini naye alikuwa ameshatimka upande wa pili, kwenye kahawa, kofia usoni.

Kumbe jumbe ni baba mkwe wake! Sisi tunamstahi mama mkwe, lakini huku mke wa mtoto haonani na baba mkwe hata njiani. Basi jumbe akijificha, Tumpe anatoka, ila hana shahidi. Jumbe akirudi, Tumpe hayupo. Nikaita huku na huku hadi sauti ikakauka. Bwana Shamba akaanza kufunga sanduku. Kule migombani Tumpe alikuwa analia, maana pesa zile alikusudia kununulia bati, nyumba yake inavuja. Roho iliniuma sana.

Ndipo mdogo wake Tumpe, msichana aitwaye Subilaga, akaja mezani bila hodi, akauchukua mwavuli wa Bwana Shamba, akaufungua, akamkinga nao jumbe.

"Tata, shika hapa, ushuhudie ukiwa humo humo. Na wewe karani, acha kushangaa, mwite dada!"

Nikaita. Tumpe akaja kinyumenyume.

"Ni lake," mwavuli ukasema, "na ana bidii kuliko mwanangu!"

Akalipwa. Baada ya muda mwavuli ukauliza, "Ameshaondoka? Mkono umekufa ganzi."

Mama, nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamtazama yule msichana, kicheko kikaniishia. Nampenda. Nimeshamwambia, naye hakukataa, ila ameniuliza swali moja tu: baba yako ni mwepesi wa kukimbia?

Nisalimie shangazi, asiache kutupikia mlenda nikija, na kaka anayetulindia ng'ombe, na katekista aliyenifundisha kushika kalamu. Baba umsomee barua hii akishashiba. Na kama mguu bado unamsumbua, msihangaike. Mwavuli nimeshanunua.

Mwanao asiyekusahau,
Venansi