Mbuzi wa Frimasoni

Arbroath, 9 Februari

Shemeji yangu Senga,

Huku mvua tu, na paka wa dada yako anakula vizuri kuliko mimi.

Alhamisi tulikifunga chama chetu cha Frimasoni moja kwa moja. Kanuni inataka watu saba ndipo kikao kifunguliwe. Tulifika wanne, na mmoja wetu hata ngazi zilimshinda. Miaka thelathini na moja nimesimama mlinzi nje ya mlango wa ukumbi wetu na upanga mkononi, nikiwazuia watu ambao hawakuja hata siku moja. Wameniambia upanga niende nao nyumbani. Nimeuegemeza jikoni, karibu na ufagio.

Unakumbuka dada yako Effie alivyonitania kila niliporudi? "Haya, Wattie, leo mbuzi kamwangusha nani?" Si unajua, mji mzima husema kwamba anayeingizwa chamani hupandishwa mgongoni mwa mbuzi.

Uliniuliza maneno yake ya mwisho, nikakwepa. Asubuhi ile alinishika mkono akasema, "Mimi ndiyo naondoka, nitamwambia nani tena? Mbuzi yupo au hayupo?"

Nikamjibu, "Niliapa, mpenzi."

Akacheka kidogo, akageukia ukutani. Hakunisemesha tena mpaka anakata roho.

Nilijiona mwanamume wa kutunza ahadi. Sasa wa kunidai kiapo hicho wamebaki vikongwe watatu, na mmoja kishasahau hata jina langu.

Senga, mbuzi hayupo. Hakuwahi kuwapo.

Shemeji yako,
Wattie