Pipa la Mfalme wa Marumaru

Porus, Manchester,
Jamaika.
12 Machi

Mpendwa Shangazi Icilda,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na hiyo baridi ya Toronto? Bibi mzima, juzi alimaliza samaki wake wa chumvi akahamia kwenye sahani yangu. Mimi sijambo, na uzuri umezidi, kama hukuwa na habari. Ila sikai chini tangu Jumatatu, na hata sasa nakuandikia nimesimama.

Ni kodi, shangazi. Usicheke. Huu ndio mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, na nilijipeleka mwenyewe kwa Dada Verona, anayewajazia mafundi fomu. Akanieleza kwamba gundi, grauti ya kuzibia mianya, visu vya mashine ya kukatia marumaru, mafuta ya gari, vyote vinatolewa kwanza kwenye mapato, na kinachobaki ndicho kinachotozwa. Nikammwagia risiti za mwaka mzima mezani. Nilizitunza ndani ya buti la mpira, hata moja haijalowa. Nani mwingine hapa Porus anaweza?

Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akavua miwani. Zote zimeandikwa "Mfalme wa Marumaru". Msichana wa kaunta pale duka la vifaa alikuwa akiniuliza jina, nami sikuona sababu ya kumpa jina dogo. Unatujua, mtu asiye na jina la utani hata tangazo la msiba wake halipati watu. Lakini Dada Verona kasema ofisi ya kodi haina mfalme kwenye daftari. Ama nilipie mapato yote, kana kwamba marumaru hujibandika zenyewe, ama nipate kiapo kwamba mfalme ni mimi, kabla ya tarehe kumi na tano.

Nikilipia yote, mashine uliyonitumia itabidi niiuze. Halafu nirudi kumchanganyia saruji Lascelles, bosi wangu wa zamani, niliyemuaga kwa mbwembwe mbele ya watu. Hapo ndipo usingizi unapoishia.

Na mwenye muhuri wa viapo ni nani? Bi Pinnock, mwalimu mkuu yuleyule niliyemwachia hesabu zake nikatoroka shule. Nilimkuta barazani anamenya mbaazi.

"Namjua Oshane Gayle aliyeruka ua wa shule," akasema. "Huyo mfalme simjui. Niletee kitu kinachokuita hivyo, alichoandika mtu mwingine kabla ya shida hii."

Nimezunguka siku mbili. Wateja huniita wanavyotaka, hawaandiki. Simu yenye ujumbe wao iliingia kwenye ndoo ya grauti zamani. Leo asubuhi nanawa mikono, macho yakatua kwenye pipa la maji. Ndilo ulilonitumia Krismasi ya mwaka juzi, mashine ikiwa ndani. Unakumbuka ulichoandika ubavuni kwa rangi nyekundu? Unakumbuka, ulifanya kusudi. "Oshane PERCIVAL Gayle, anayejiita Mfalme wa Marumaru." Bandarini walicheka mpaka kazi ikasimama. Nilipofika nyumbani nikalipaka bluu, mara mbili, jina la katikati lisijulikane.

Basi leo nimelisugua kwa thina ya kuondolea rangi mpaka vidole vinawaka, herufi zikatoka moja moja, na muhuri wa bandari pembeni. Garini halikuingia, mna marumaru za mteja. Nikalibingirisha barabarani, nikapita kanisa, nikapita duka la vifaa, ambako yule msichana wa kaunta alitoka nje kusoma. Kila likizunguka, Percival yuko juu.

Bi Pinnock akaliinamia, akasoma polepole, akaangalia na tarehe ya bandari.

"Percival," akasema. "La babu yako hilo. Yeye alikuwa anamaliza alichoanza."

Nikalishikilia pipa lisibingirike. Akagonga muhuri kwenye kiapo changu.

Karatasi iko kwa Dada Verona, anapeleka kesho. Hadi hapo sikai wala silali. Watoto wa njiani wananiita Percy tangu saa tano, na Lascelles kapita mara mbili bila shughuli yoyote.

Wasalimie Mjomba Everald na Tamoya, na mjomba mwambie bado namshinda dhumuna. Mungu akulinde na barafu ya mlangoni. Ukituma pipa jingine andika upendavyo, ila tumia rangi isiyotoka.

Wako akupendaye pamoja na aibu uliyonipa,

Oshane Percival Gayle