Rimu za Shemeji wa Wang'uru

Jumatano, jioni. Endarasha, huku kwetu Nyeri, imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na mimi nimefunikwa na mawazo, kitu ambacho wanaonijua watasema hakiwezekani.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya: simwamini Munene.

Munene ni ndugu ya Wangari, msichana ambaye kaka yangu Kariuki anataka kumuoa. Jumamosi tunaenda ruracio kwao Kianyaga, wazee wetu wakaongee mambo ya mahari, na gari ya mbele ni Probox ya mama, ile inayobeba waru, viazi vyetu, kutoka shambani siku zingine zote. Dereva ni mimi. Nani mwingine? Kidato cha pili sikumaliza, lakini matope yakija, walimu wangu wote hunipigia mimi simu niwavushe.

Juzi Munene alipiga. Ati ana rimu za magurudumu, za aloi ya kung'aa, pale kwa duka yake Wang'uru, safi, anataka kutupatia kama zawadi ndio watu wa waru waingie kwao wakifanana na watu. Nilicheka. Halafu nikajiuliza: muuza rimu ameanza kugawa rimu lini? Na huyu ndiye yule aliyekataa kumpa Kariuki mkono siku tulienda kujitambulisha.

Lakini zawadi ya wakwe haikataliwi wiki ya ruracio. Hata kuikagua sana ni kama kuwaita wezi mbele ya watu. Kwa hivyo leo niliteremka Wang'uru na tabasamu kubwa, macho wazi.

Rimu ni nzuri, lazima nikubali. Nyeusi, zinang'aa, na tairi zake juu. Nilijiona nikiingia Kianyaga, wasichana wamesimama kwa lango. Mashimo ya nati yalikuwa sawa na ya gari ya mama. Nikajifanya nazipanguza vumbi kwa nyuma, kumbe natafuta namba. Iko namba huchapwa upande wa ndani, inayokuambia kama gurudumu litakaa ndani ya gari ama litatokeza nje. Hiyo nilijifunza kwa simu, video baada ya video, mpaka mama akauliza kama nasomea udaktari.

Pahali pa namba pamepakwa rangi mpya. Hapo tu. Kwingine kote ni vumbi na mikwaruzo ya zamani.

Nikaendelea kupanguza vumbi.

Munene akainua gari kwa jeki, akafunga rimu ya nyuma, akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka kama feni.

"Umeona, shemeji? Ni kama ilizaliwa hapo."

Hivyo ndivyo wauza rimu wote wanavyokuonyesha, gurudumu likining'inia hewani, na watu hutoa pesa wakaenda wakiimba. Lakini gari ikiwa juu ya jeki, gurudumu linashuka mbali na fenda, lile bati la juu yake. Nafasi lazima ionekane. Nilitaka kujua itakuwaje gari ikishuka chini, nyuma kukiwa na wazee wetu, kreti za soda na blanketi za kupeleka kwa wakwe.

Kumwambia tupakie mizigo tujaribu ingekuwa matusi. Ndipo hii akili ambayo shule iliikataa ikafanya kazi. Shangazi yake, wanamwita Tata Wambui, anauza mchele hapo karibu, na alikuwa amekaa juani akingoja gari ya kumpeleka nyumbani na magunia yake. Nikamsalimia kwa mikono miwili. Nikamwambia haiwezekani mkwe wetu aungue na jua na mimi niko hapa na gari. Munene akamaliza kufunga rimu zote, nikapakia magunia, Tata na rafiki zake wawili wakaketi nyuma, Munene akaketi mbele na mimi. Adabu tupu. Tata akasema huyu kijana wa Nyeri amelelewa vizuri, na sikumpinga.

Kwa lami laini, hakuna shida. Tukafika kwa tuta la kwanza, nikalipanda polepole, na nyuma kukatoka sauti kama mtu anachana gunia.

Munene akanyoosha mkono, akaongeza redio.

Tuta la pili, sauti ile tena. Akaongeza tena.

"Munene, punguza hiyo kitu," Tata akasema. "Gari ya mtoto wa wenyewe inalia na wewe unaipigia muziki."

Akamjibu ni mchele unasonga. Hakuniangalia.

Kwa Tata nilishusha magunia, nikainama kama mtu anafunga kamba ya kiatu. Tairi ya nyuma ilikuwa imechunwa mstari mzima pembeni, na fenda ilikuwa imejaa unga mweusi wa mpira. Hiyo ni safari fupi tu. Sasa hesabu matuta kutoka huku kwetu hadi Kianyaga, wazee ndani, na miteremko yote ile katikati. Nilisikia baridi, na Wang'uru hakuna baridi.

Tuliporudi dukani kwa Munene, nilisema kile ningeweza kusema.

"Shemeji, hizi zinang'aa sana. Wazee wenu watadhani ni mimi nimekuja kuoa."

Akacheka. Akashika spana, akazifungua zote, akanirudishia zile zangu za chuma. Haraka sana. Tukaagana vizuri.

Hakuniuliza kwa nini.

Hapo ndipo nimekwama. Mtu akikataliwa zawadi huuliza, hata kama ni kwa hasira. Pengine alikuwa tu anaondoa mali isiyouzika. Pengine aliona aibu mbele ya shangazi yake. Ama hataki dada yake aolewe huku kwetu, na akaona heri tukwame barabarani, ama hata...

Hiyo sentensi siimalizi.

Kariuki yuko nje anaosha gari, amevaa gambuti za mpira, anaimba vibaya. Ameniuliza mara mbili rimu ziko wapi. Lazima nimwambie leo, kabla wazee hawajavaa kofia zao. Shida ni kwamba katika hii nyumba mimi ndiye mwenye mzaha. Nilishawahi kumwambia kwamba Wangari ana pacha wake aliyefichwa, akakosa usingizi. Leo niko na ukweli mtupu, bila hata kichekesho kimoja cha kuusindikiza.

Kati yangu na shemeji yake, atamwamini nani?